Vitu vya mtoto: nishone nini, nichanganye nini, ninunue nini?

Swali: Shikamoo mama mkunga. Nina mimba ya miezi saba, ndiyo ya kwanza, na kipato chetu nyumbani ni kidogo. Nimeandika orodha ya vitu ninavyotaka kutengeneza mwenyewe ili tusimalize pesa: nepi, vitambaa vya kumfutia mtoto, mafuta ya kumpaka, poda, sabuni ya maji, dawa ya upele wa nepi, mto na kigodoro, na hata maziwa endapo yangu hayatatosha. Cherehani ninayo. Naomba uniambie nianze na kipi, na kipi hakifai kabisa.

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza mapema, maana miezi miwili inatosha kushona kila kitu utakachohitaji. Nitaipitia orodha yako yote, ila sitafuata mpangilio wako. Naigawa mafungu matatu: vya kushona, vya kuchanganya na vya kumeza. Vya kushona, ukiacha mto na kigodoro, shona bila woga, kwa sababu huko ndiko pesa inakookolewa. Vya kuchanganya kwenye bakuli, karibu vyote viache. Vinaokoa kidogo sana na vikiharibika huoni kwa macho. Vya kumeza, yaani maziwa na dawa yoyote ya kunywa, usitengeneze hata kimoja.

Tuanze na nepi, maana kati ya vitu vya kutengeneza ndiyo gharama inayozidi zote. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku. Akikua idadi inapungua, lakini hata ukichukua wastani wa nepi 6 kwa siku kwa miaka miwili na nusu, unavuka nepi 5,400. Chukua bei ya nepi moja ya kutupa hapo unapoishi, izidishe kwa idadi hiyo, utaona mwenyewe kwa nini sianzi na mafuta wala sabuni. Akiba ya vitu vingine vyote vya kushona na kuchanganya kwenye orodha yako ukiijumlisha haiifikii hii moja.

Nepi ninayokushauri ushone ni ile ya tangu zamani: kipande cha mraba cha kitambaa cha pamba, tabaka moja, kilichopindwa pande zote. Utaona zinauzwa nepi za kitambaa zenye vifungo, mifuko na matabaka mazito ndani. Si mbaya, lakini matabaka yakishashonwa pamoja hayakauki upesi, na uchafu ukinasa katikati hautoki kirahisi. Kipande cha mraba kikiwa kwenye kamba ni tabaka moja, kwa hiyo kinakauka haraka. Kikiwa kwa mtoto ni matabaka mengi, kwa hiyo kinanyonya. Tena kinamfaa tangu siku ya kwanza hadi atakapoacha nepi, kwa kubadilisha mkunjo tu.

Tafuta flana ya pamba tupu. Mashuka ya pamba yaliyochakaa na fulana kuukuu zinafaa pia, na kusema kweli kitambaa kilichofuliwa mara nyingi kinanyonya kuliko kipya. Chenye poliesta au nailoni nyingi kiache, mkojo utateleza juu yake na kumwagikia mapajani. Ukinunua kitambaa kipya, mita 9 za upana wa sentimita 150 zinakutosha. Kifue chote kwa maji ya moto na ukianike kabla mkasi haujakigusa, kwa sababu flana husinyaa, na ukikata kwanza utabaki na nepi zilizokwenda upande. Kikishakauka, kata vipande vya karibu sentimita 70 kwa 70, viwili viwili kwa upana. Utapata nepi 24. Kunja ukingo, kunja tena, piga mshono mmoja ulionyooka pande zote nne. Basi, nepi imekwisha. Kwa anayefua kila siku, 24 zinatosha. Ukitaka siku moja ya kufua na moja ya kupumzika, fikisha 36.

Mkunjo mmoja unaofaa kuujua kabla mtoto hajaja ni huu. Kunja kipande mara mbili upate mraba mdogo wa matabaka manne. Shika kona ya tabaka la juu kabisa, ivute kwenda upande wa pili mpaka itokee pembetatu. Geuza nepi nzima, chini iwe juu. Sasa upande mmoja una yale matabaka yaliyobaki. Yakunje kuelekea katikati, mara mbili au tatu, upate ukanda mnene unaokaa katikati ya pembetatu. Mlaze mtoto juu yake, ukanda upite kati ya miguu, mbawa mbili zije mbele, na pini moja ifunge vyote vitatu. Tumia pini za nepi zenye kichwa kinachojifunga, na wakati wa kufunga weka vidole vyako kati ya pini na ngozi ya mtoto: ikiteleza, ikuchome wewe. Pini ikianza kuwa nzito kupenya kitambaa, ichome kwenye kipande cha sabuni kavu, italainika. Jizoeze kwa kumfunga mwanasesere, au hata taulo lililoviringishwa, kwa sababu usiku wa manane mtoto akilia si wakati wa kujifunza mkunjo.

Juu ya nepi kunahitajika kifuniko kisichopitisha maji. Jambo hili liliwasumbua akina mama kwa vizazi, mpaka mwaka 1946 nchini Marekani mama mmoja, Marion Donovan, alipochoka kubadilisha shuka zilizolowa, akakata pazia la bafuni na kulishona kwa cherehani yake likawa kifuniko cha nepi. Alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, mwaka 1951. Nakupa habari hii ujue kwamba hata vilivyojaa madukani leo vilianzia mezani kwa mtu mwenye mkasi na sindano kama wewe. Ila usishone kifuniko kwa plastiki tupu. Inazuia maji vizuri, lakini inazuia na hewa pia, na ngozi inabaki kama imechemshwa. Kuna kitambaa cha poliesta chenye utando mwembamba kwa ndani, ambacho hakipitishi maji na bado si kizito. Ukikipata, vifuniko 5 au 6 vinatosha, na hiki ndicho kipande pekee cha nepi ambacho sitakulaumu ukikinunua kimeshashonwa. Njia nyingine ni sweta kuukuu la sufu halisi. Lifue kwa maji ya moto na ulisugue mpaka lisinyae na kukaza nyuzi, kisha kata suruali fupi. Sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake bila kuhisi imelowa mkononi, na hewa inapita.

Sasa kufua, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kwenye nepi za kutupa. Kinyesi kidondoshe chooni kwanza. Nepi zilizotumika ziweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Usiziloweke siku nzima. Maji yanayokaa na nepi chafu yanakuwa shamba la vijidudu, na ndoo yenye maji sakafuni ni hatari ya kifo kwa mtoto yeyote anayetambaa hapo nyumbani, hata maji yakiwa kidogo. Suuza kwanza kwa maji baridi, kwa sababu ya moto yanagandisha doa. Kisha fua kwa maji ya moto, nyuzi 60 ukiwa na mashine, au ya moto kadiri mikono itakavyohimili, kwa sabuni ya unga ya kawaida na kwa kiasi cha kutosha. Suuza mpaka povu liishe. Anika juani. Dawa ya kulainisha nguo usitumie: inaacha utando wa mafuta kwenye nyuzi, na nepi haitanyonya tena. Na ile sabuni ya unga ya kutengeneza nyumbani kwa kukwangua mche wa sabuni na kuuchanganya na boraksi, iache kwa nepi kabisa. Sabuni ya mche kwenye maji magumu inaacha ukoko, nao unanasa kwenye kitambaa. Boraksi yenyewe ni sumu kwa mtoto ikimezwa. Nepi ikitoa harufu kali ya amonia asubuhi, ujue sabuni haikutosha au haikusuuzwa vya kutosha. Ifue upya, usiifunike harufu kwa manukato.

Sitakuficha kwamba kufua kuna gharama zake. Kama maji unanunua, au unamlipa mtu afue, kaa na kalamu uhesabu kwanza. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa mwaka 2008 utafiti uliolinganisha nepi za kitambaa na za kutupa. Waliangalia hewa ukaa, hawakuangalia mfuko wa mzazi, lakini walichokiona kinagusa mfuko vilevile: nepi za kitambaa zinaleta nafuu pale mtu anapofua mzigo uliojaa, anapoanika badala ya kukausha kwa mashine, na anapozitumia tena kwa mtoto wa pili. Mama wengi ninaowahudumia huishia kwenye njia ya katikati, kitambaa mchana, nepi ya kutupa usiku na safarini. Hiyo si kushindwa. Ukitumia ya kutupa mbili kwa siku badala ya kumi, tayari umeokoa sehemu kubwa.

Mabaki ya flana ile ile, pamoja na mashuka na fulana kuukuu, ndiyo yatakayokuwa vitambaa vya kumfutia. Kata miraba ya sentimita 20, thelathini au arobaini hivi, pinda au piga zigizaga. Fua pamoja na nepi. Hivi ni bora kuliko vile vya pakiti kwa kazi yenyewe, kwa sababu flana ina vinyweleo vinavyokamata uchafu, na kimoja kinafanya kazi ya vitatu. Cha kulowesha ni maji, maji peke yake. Najua umeona maelekezo ya kuchanganya maji, sabuni ya mtoto na mafuta, kisha kuloweka vitambaa vyote kwenye kopo la kukaa wiki nzima. Usifanye hivyo. Vitambaa vya kiwandani vina kihifadhi ndani yake. Kopo lako halina, na maji yenye sabuni na mafuta kwenye joto la chumba ni chakula cha bakteria na kuvu. Baada ya siku chache unampaka mtoto vijidudu ukidhani unamsafisha. Vitambaa viweke vikavu, na pembeni chupa ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Lowesha kimoja unapokihitaji. Kila asubuhi mwaga yaliyobaki, osha chupa, weka mengine.

Hilo la kopo linanipeleka kwenye fungu la pili, na ndani yake kuna kanuni ambayo ningependa uibebe popote: mchanganyiko wowote wenye maji huoza. Mafuta matupu hayalei bakteria kirahisi. Lakini ukitia maji, iwe ya kawaida, ya mimea iliyochemshwa au ya majani yaliyosagwa, umeanzisha saa inayohesabu. Viwanda vinatumia vihifadhi na vipimo vya maabara, jikoni hatuna. Kwa hiyo losheni na sabuni ya maji, viondoe kwenye orodha yako. Wala hutavikosa. Mtoto mchanga hahitaji sabuni kila siku. Maji ya vuguvugu, yenye joto la mwili, karibu nyuzi 37, yanamtosha siku nyingi, na sehemu zinazohitaji kuoshwa vizuri ni mikunjo ya shingo, makwapa, mapaja na nyuma. Shirika la Afya Duniani hushauri hata kuoga kwa mara ya kwanza kusubiri saa 24 baada ya kuzaliwa. Sabuni ya mche, hasa ile iliyopikwa nyumbani kwa magadi makali ya kutengenezea sabuni, huwa na pH (kipimo cha tindikali; ikipanda, tindikali imepungua) ya 9 au 10, wakati ngozi inataka tindikali kidogo, karibu 5.5. Ya mtoto mchanga ndiyo kwanza inajijenga kufikia hapo. Ukiiosha kwa sabuni kali kila siku unabomoa anachojenga.

Jambo jingine kuhusu ngozi hiyo: kwa kila kilo ya uzito, mtoto mchanga ana ngozi zaidi ya mara mbili ya mtu mzima. Unachompaka kinaweza kuingia mwilini kwa kiasi ambacho kwako wewe kisingekuwa kitu. Mwaka 1972 huko Ufaransa, poda ya watoto ilichanganywa kiwandani kwa makosa na dawa ya kuua vijidudu, hexachlorophene, kwa asilimia 6. Watoto 36 walikufa, na poda hiyo ilipakwa tu, haikunyweshwa mtu. Mwaka 1981 jarida la Pediatrics la Marekani lilieleza habari ya mtoto aliyepakwa soda ya kuokea kwa ajili ya upele wa nepi. Bikaboneti, yaani hiyo soda yenyewe, ilipita kwenye ngozi iliyochubuka mpaka kemikali za damu yake zikavurugika. Soda ya kuokea! Kitu ambacho kila mtu anakiona salama kwa sababu kiko kabatini. Ndiyo maana mtu akikushauri uimwage kwenye beseni la mtoto, mshukuru na uache.

Na poda je? Usitengeneze, wala usinunue. Haifanyi kazi yoyote ambayo taulo kavu haiwezi, na vumbi lake mtoto analivuta kwenye mapafu. Umeokoa pesa bila kutoa jasho.

Mafuta yana nafasi, ingawa mtoto mwenye ngozi nzima anaweza kukaa bila mafuta yoyote. Ukitaka kumkanda, au ngozi ikiwa kavu, mafuta ya alizeti ya kawaida au ya nazi yanafaa. Ya zeituni yaache: yana asidi ya oleiki nyingi, inayolegeza kizuizi cha ngozi badala ya kukiimarisha. Ya karanga pia yaache, hasa kwa mtoto mwenye ukurutu, maana ngozi iliyopasuka ni mlango ambao mzio huweza kupitia. Usiongeze mafuta ya manukato ya aina yoyote. Mikaratusi na kafuri vinaweza kumletea mtoto degedege, na mentholi ikipakwa karibu na pua ya mtoto mchanga inaweza kubana koo lake akashindwa kupumua. Kuna wanaodhani kinachotoka kwenye mmea hakidhuru. Tone moja la mafuta hayo limekamuliwa kutoka rundo kubwa la majani, na mtoto wako ana kilo tatu.

Kwa upele wa nepi, ni muhimu uelewe unatoka wapi, kwa sababu ukielewa hutahitaji dawa nyingi. Mkojo na kinyesi vikikaa pamoja, bakteria wa kwenye kinyesi hubadilisha urea ya mkojo kuwa amonia. Amonia inapandisha pH ya ngozi, na pH ikipanda, vimeng'enya vya kinyesi vile vinavyomeng'enya protini na mafuta vinaamka na kuanza kuimeng'enya ngozi yenyewe. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kutenganisha: badilisha mara kwa mara, safisha kwa maji, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, mwache bila nepi kwa muda kila siku, kisha paka kizuizi. Kizuizi cha bei nafuu na cha kuaminika ni mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Yako madukani tangu Robert Chesebrough alipoyapatia hataza mwaka 1872, hayana maji, hayaozi. Upele ukishatokea, marhamu yenye oksidi ya zinki inasaidia zaidi. Kama una nta ya nyuki na unapenda kutengeneza, yeyusha sehemu moja ya nta kwenye sehemu nne au tano za mafuta ya alizeti, chombo kikiwa juu ya maji yanayochemka, mimina kwenye kopo kavu kabisa na usichovye kidole chenye maji. Itakaa miezi. Lakini ukijumlisha nta, mafuta na moto, mara nyingi unakuta mafuta ya mgando yalikuwa nafuu zaidi, na mimi ningenunua. Upele ukiwa mwekundu wa kung'aa, umeingia kwenye mikunjo na una vipele vidogo pembezoni, hao ni fangasi: nenda kliniki, hakuna kizuizi kitakachowatoa. Ukiwa na malengelenge, usaha au homa, nenda siku hiyo hiyo.

Hukuuliza kuhusu kitovu, ila najua kitaulizwa na watu walio karibu nawe. Kiache kikavu, nepi ikunjwe chini yake, usipake chochote isipokuwa alichokuelekeza mhudumu wa afya. Majivu, udongo na vitu vya namna hiyo vinaweza kubeba mbegu za pepopunda.

Sasa maziwa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mwanangu, kwa sababu nakutakia mema. Maziwa ya kutengeneza nyumbani badala ya maziwa ya kopo, usiyajaribu, hata maelekezo yawe mazuri namna gani. Maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi mno kwa figo za mtoto mchanga, na madini ya chuma kidogo mno. Ya mbuzi yamepungukiwa foleti, vitamini ya kujenga damu. Ya mimea hayamtoshelezi kabisa. Februari 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupata taarifa za watoto waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa kalisi. Walikuwa wakilishwa maziwa yaliyochanganywa nyumbani. Kalisi ikishuka hivyo, mtoto anapata degedege na moyo unaweza kuvurugika mapigo. Na ukiwa unatumia ya kopo, usiongeze maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mama hufanya hivyo kwa kubanwa, si kwa ubaya, lakini maji yakizidi chumvi ya damu inashuka, na hiyo nayo inaleta degedege. Pima kama kopo linavyosema, kwa maji yaliyochemshwa ambayo bado hayajashuka chini ya nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe una uwezekano wa kuwa na vijidudu, kisha poza kabla ya kumpa. Asali nayo hata tone haifai kabla ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba mbegu za botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha mwili.

Lakini kwa nini unadhani yako hayatatosha? Kwa wanawake walio wengi yanatosha, ila wiki za kwanza zinatisha kwa sababu mtoto anaomba titi kila mara. Huko kuomba ndiko kunakoyaita maziwa. Anza kunyonyesha ndani ya saa moja baada ya kujifungua, na umpe maziwa yako peke yake, bila hata maji, kwa miezi sita. Omba wakuonyeshe namna ya kumweka mtoto kwenye titi kabla hujaondoka ulikojifungulia; ndilo jambo ninalotamani kila mama alidai kama haki yake. Kwenye matunzo yote ya mtoto, hakuna kinachookoa pesa kuliko hili. Hata mashine ya kukamulia huihitaji ili kuanza: osha mikono, weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi ya titi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, rudia. Maziwa uliyokamua hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, siku 4 kwenye friji. Tena mtoto mchanga anaweza kunyweshwa kwa kikombe kidogo cha wazi, akiwa amekaa wima na maziwa yakigusa mdomo wake bila kumiminwa. Kikombe kinaoshwa kirahisi kuliko chupa na chuchu zake, kwa hiyo na hizo zimetoka kwenye bajeti. Ukiona mtoto hakojoi vizuri, haongezeki uzito au analala bila kuamka kunyonya, usikae ukisubiri, nenda akapimwe.

Mto na kigodoro vinabaki. Mto haumfai mtoto chini ya mwaka mmoja, wa kushona wala wa kununua, na vile vizuizi laini vya kuzungushia kitanda navyo vivyo hivyo. Marekani ilivipiga marufuku kwa sheria mwaka 2022. Mtoto alale chali, mahali pagumu na pa bapa, pasipo na kitu laini karibu na uso. Nchini Marekani, baada ya kampeni ya kuwalaza watoto chali kuanza mwaka 1994, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa karibu nusu. Kigodoro cha kujaza pamba nyumbani kinabonyea na kufuata umbo la mtoto, kwa hiyo hicho nunua, kiwe kigumu na kijae kitanda bila nafasi ya kupitisha vidole viwili pembeni. Wewe shona shuka zake, zenye lastiki ya kubana vizuri chini. Shuka tatu zinatosha.

Flana ikibaki, shona na pedi za maziwa: duara za sentimita 12, matabaka manne, jozi sita hivi. Bibu pia, ila zifungwe kwa vibano vya kubonyeza, kamwe zisiwe na kamba shingoni, na umvue anapolala. Kwa meno, kitambaa safi kilicholoweshwa na kupozwa kwenye friji kinatuliza fizi kuliko jeli za dukani. Vitu vya kuchezea vya kushona visiwe na vifungo wala macho ya kubandika. Chochote kinachopita kwenye tundu la upana wa sentimita 3 kinaweza kumkaba.

Kwa mpangilio, wiki hii nunua na ufue kitambaa, halafu anza na nepi, kisha vitambaa vya kufutia, kisha shuka. Nepi ukizimaliza usizihifadhi kabatini zikiwa mpya. Pamba mpya ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji, na inahitaji kufuliwa kwa maji ya moto mara nne au tano kabla haijanyonya sawasawa. Ijaribu: mwagia kijiko cha maji juu ya nepi iliyokunjwa. Yakizama papo hapo, iko tayari. Yakikaa juu kama shanga na kuteleza, irudishe kwenye beseni.